Fomu ya Machi Haiingizi Timu: Dhana Potofu Kuhusu Uteuzi wa Mashindano ya NCAA

Kila ifikapo mwisho wa Februari, watu wanaonitaka niwapimie nafasi ya timu zao katika mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya vyuo vya Marekani huniletea hoja ileile, na kinachobadilika ni jina la chuo tu: "Tumeshinda michezo sita kati ya saba iliyopita, kwa hiyo hawawezi kutuacha." Wanaweza. Wamekwisha kuziacha timu zilizomaliza msimu vizuri kuliko hivyo, na wataziacha nyingine, kwa sababu kamati ya uteuzi haina kigezo kinachoitwa fomu ya mwisho wa msimu, yaani matokeo ya wiki za karibuni. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo hadi nikachoka, na sasa naliandika ili atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa.

Ni haki kukiri kwamba dhana hii haikuzuka hewani. Zamani karatasi za timu, yaani kurasa zinazowekwa mbele ya wajumbe wa kamati, zilionyesha matokeo ya michezo kumi ya mwisho, na baadaye kumi na miwili, nao watangazaji wa televisheni wakazoea kuyataja kana kwamba ndiyo hukumu yenyewe. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilikiondoa kigezo hicho zaidi ya miaka kumi iliyopita. Watangazaji hawakuiacha tabia yao, na mashabiki wameirithi. Sababu ya kukiondoa ina mantiki kamili. Timu moja humaliza msimu ikiwa nyumbani, ikipokea timu za mkiani mwa konferensi yake, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, wakati nyingine humaliza kwa safari mfululizo za ugenini dhidi ya vinara. Ukisema ya kwanza ina fomu kwa sababu imeshinda michezo minane kati ya kumi, na ya pili imeporomoka kwa sababu imeshinda mitano, unachokilinganisha ni ratiba mbili, wala si timu mbili. Shabiki wa Simba au Yanga hahitaji kuambiwa kwamba pointi tatu za Agosti zina thamani sawa na pointi tatu za Mei. Ajabu ni kwamba shabiki huyohuyo, akihamia kwenye kikapu cha Marekani, huifuta hesabu hiyo kichwani na kuanza kuhesabu kuanzia Februari.

Mfano ambao kila mtu hunitajia kama ushahidi wa dhuluma ni Texas A&M ya mwaka 2022, na mimi nautumia kama ushahidi wa kinyume. Timu ile ilianza msimu kwa ushindi 15 na vipigo viwili, ikapoteza michezo minane mfululizo, kisha ikashinda minane kati ya kumi iliyofuata. Katika mashindano ya konferensi ya SEC iliziangusha Florida, Auburn na Arkansas, ikafika fainali na kufungwa na Tennessee 65-50 siku ileile ya Jumapili ya Uteuzi, majina ya timu yanapotangazwa. Kwa anayeamini fomu, hakukuwa na mjadala. Kamati iliiacha nje. Kocha wake, Buzz Williams, aliwasomea waandishi wa habari taarifa ndefu ya malalamiko, na timu ikaenda kwenye NIT, mashindano ya timu zilizokosa nafasi, ikafika fainali na kufungwa na Xavier kwa pointi moja, 73-72. Hoja ya kocha ilikuwa na nguvu zake, sibishi, lakini hebu tusome karatasi jinsi ilivyokuwa. Vipigo vinane vya Januari na Februari havikufutwa na ushindi wa Machi. Vilihesabiwa kimoja kimoja kama vilivyo. Ratiba ya Novemba na Desemba ilikuwa imejaa wapinzani dhaifu, kwa hiyo mwanzo ule mzuri ulikuwa na uzito mdogo kuliko ulivyoonekana. Na fainali iliyochezwa saa chache kabla ya majina kutangazwa isingeweza kubadilisha mengi kwa kushindwa, kwani wajumbe huwa wamekaa pamoja tangu katikati ya juma na sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Sasa tugeuze upande. Mwaka 2009 Connecticut, timu ya Mtanzania Hasheem Thabeet, ilifungwa na Pittsburgh katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, kisha ikaingia robo fainali ya konferensi ya Big East pale Madison Square Garden na kufungwa na Syracuse 127-117 baada ya vipindi sita vya muda wa nyongeza. Vipigo viwili mfululizo, mguu mmoja mlangoni mwa mashindano. Kwa hesabu za wanaonipigia simu, timu ile ilikuwa inazama. Kamati iliipanga namba moja katika kanda ya Magharibi, mojawapo ya kanda nne za mashindano, nayo ikafika Nne Bora, yaani nusu fainali, kabla ya kutolewa na Michigan State. Mwaka 2021 UCLA ilifanya makubwa zaidi: ilipoteza michezo yake minne ya mwisho, ikateuliwa hata hivyo kwa sababu msimu wake mzima ulitosha, ikaanzia raundi ya awali na kufika Nne Bora, ambako ilihitajika kapu la Jalen Suggs wa Gonzaga katika sekunde ya mwisho ya muda wa nyongeza ili kuitoa, 93-90. Fomu haikuiingiza wala haikuizuia, na kama kipimo cha kutabiri yatakayotokea uwanjani pia ilishindwa kazi.

Hapo ndipo hutajwa North Carolina State ya mwaka 2024, na hapo ndipo uvumilivu wangu huisha. Timu ile, yenye DJ Burns aliyependwa na kila mtu, ilimaliza msimu wa kawaida kwa vipigo vinne mfululizo ikiwa na ushindi 17 na vipigo 14. Kisha ikashinda michezo mitano kwa siku tano katika mashindano ya konferensi ya ACC, ikiwatoa Duke na Virginia njiani na kuichapa North Carolina 84-76 kwenye fainali. Baadaye ilifika Nne Bora na kufungwa na Purdue. Hadithi tamu, lakini haina uhusiano wowote na uteuzi. NC State haikuteuliwa na mtu. Ilitwaa nafasi ya moja kwa moja ambayo ni haki ya anayeshinda mashindano ya konferensi yake, awe alikuwa na fomu au alikuwa akifungwa kila juma. Kama ingeshinda michezo minne na kupoteza wa tano, ingebaki nyumbani ikiwa na hadithi ya kusisimua na karatasi ya timu isiyotosha. Anayechanganya nafasi ya ubingwa na nafasi ya kuteuliwa hawezi kusaidiwa na uchambuzi wa aina yoyote mpaka azitenganishe kwanza. Kuanzia 2011 hadi 2025 mashindano yalikuwa na timu 68, na mwaka 2025 timu 31 kati ya hizo ziliingia kwa ubingwa na 37 zikaingia kwa kura za kamati. Ni hizo 37 tu tunazobishania.

Je, michezo ya Machi haina thamani? Inayo, ila thamani yake hutokana na mpinzani na uwanja, tarehe haiongezi kitu. Katika mfumo wa NET, unaozipanga timu kwa ubora na ulioichukua nafasi ya mfumo wa zamani wa RPI msimu wa 2018-19, michezo hugawanywa katika makundi manne ya ugumu, na ushindi wa Kwadranti ya Kwanza, kundi gumu zaidi, ni kumfunga nyumbani aliye kati ya nafasi ya 1 na 30, au kwenye uwanja huru aliye ndani ya 50, au ugenini aliye ndani ya 75. Someni viwango hivyo vizuri, maana ndani yake mna jambo ambalo watu wangu hulipita kila mwaka: kumfunga timu ya 70 kwake Novemba kuna uzito wa kundi moja na kumfunga timu ya 25 kwako Machi, na ushindi ule wa kwanza haukupata hata dakika moja ya televisheni. Michezo ya konferensi mwezi Machi huchezwa mara nyingi kwenye viwanja huru dhidi ya timu zinazojulikana, ndiyo maana huonekana kama ina uchawi wake. Tangu msimu wa 2024-25 karatasi za timu zimeongezewa pia kipimo kinachouliza timu imeshinda michezo mingapi zaidi ya ambayo timu ya ukingoni, yaani isiyo na hakika ya kuteuliwa, ingeshinda kwa ratiba ileile. Nakipenda, kwa sababu kinaiangalia ratiba nzima na hakijali kalenda.

Kuna hali moja ambapo wiki za mwisho huangaliwa kwa jicho la pekee, nayo ni majeruhi. Kamati inaruhusiwa kuzingatia nani hakucheza na nani hatacheza. Mwaka 2000 Cincinnati ilikuwa ikishika namba moja katika kura za waandishi wakati Kenyon Martin alipovunjika mguu kwenye mashindano ya konferensi. Ilipangwa namba mbili katika kanda yake badala ya moja. Kamati ilichokipima hapo ni timu itakayoingia uwanjani bila mchezaji wake bora, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kuhesabu ushindi wa karibuni.

Dhana nyingine zinahitaji maneno machache.

Ushindi 20 si tiketi, na hata ushindi 27 si tiketi. Drexel ya mwaka 2012 ilikuwa na ushindi 27 na vipigo sita, ikafungwa katika fainali ya konferensi yake na kuachwa. Indiana State ya mwaka 2024 ilikuwa na ushindi 28 na vipigo sita na ilikuwa ndani ya 30 bora za NET. Ilipofungwa na Drake 84-80 kwenye fainali ya konferensi ya Missouri Valley, ikaachwa pia. Uamuzi huo wa pili uliniuma, lakini timu za konferensi ndogo hupata fursa chache mno za Kwadranti ya Kwanza, na zikizipoteza hakuna pa kuzirudisha.

Hakuna idadi ya juu ya timu kwa konferensi moja. SEC iliingiza 14 mwaka 2025. Vivyo hivyo, kumaliza juu ya jirani yako katika msimamo wa konferensi si kigezo, hasa siku hizi ambapo konferensi zimepanuka hivi kwamba timu mbili za konferensi moja huwa na ratiba zisizofanana hata kidogo. Kura za waandishi wa habari nazo si kigezo.

Mjumbe hapigii kura chuo chake. Mwaka 2025 North Carolina iliingia kwa tabu ikiwa na ushindi mmoja tu katika michezo 13 ya Kwadranti ya Kwanza, West Virginia ikaachwa, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bubba Cunningham, mkurugenzi wa michezo wa North Carolina. Kanuni humtaka mjumbe atoke chumbani chuo chake kinapojadiliwa. Mimi naamini West Virginia, iliyokuwa imeifunga Gonzaga na Arizona mwezi Novemba na Kansas kwake mwezi Desemba, ilistahili nafasi ile kuliko North Carolina, na sijasoma maelezo yaliyonibadilisha mawazo. Hata hivyo, kamati kukosea ni jambo moja na mwenyekiti kujipendelea ni jambo jingine.

Kucheza raundi ya awali katika mji wa Dayton si adhabu wala si kuingia nusu. VCU ilianzia huko mwaka 2011, mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, ikafika Nne Bora.

Kwa shabiki wa timu iliyo ukingoni, ushauri ninaourudia kila mwaka, na unaopuuzwa kila mwaka, ni kwamba katika juma la mashindano ya konferensi aache kuitazama timu yake pekee na ashabikie vinara wa konferensi nyingine. Kila mara timu isiyotarajiwa inapotwaa ubingwa katika konferensi ambayo kinara wake angeteuliwa kwa vyovyote vile, nafasi moja ya kuteuliwa huyeyuka. Mwaka 2024 zilijitokeza timu tano za namna hiyo: NC State, Oregon, New Mexico, Duquesne na UAB. Seton Hall na Indiana State zilibaki nje mwaka huohuo, zikakutana kwenye fainali ya NIT, na Seton Hall ikashinda 79-77. Kwa timu za ukingoni mwaka ule, Duquesne kuitwaa konferensi ya Atlantic 10 mbele ya chuo cha Dayton, ambacho kingeteuliwa kwa vyovyote, kulikuwa na athari kubwa kuliko ushindi wao wenyewe dhidi ya timu ya mkiani, lakini sikumbuki shabiki aliyenipigia kuniuliza kuhusu Duquesne.

Kwa hiyo, anayetaka nimpimie timu yake Machi ijayo aniletee mambo mawili: orodha ya wapinzani ambao timu yake imewafunga ugenini na kwenye viwanja huru, pamoja na nafasi zao za NET za siku hiyo, na ratiba kamili ya Novemba na Desemba. Michezo kumi ya mwisho abaki nayo.