Mlo wa kumbe: chakula kinachonoga kama anasa, kumbe ni lishe

Mgeni wangu kutoka Dar es Salaam alikuwa amekunja mikono ya shati na analamba vidole. Tulikaa kwa mama ntilie mmoja jirani na soko la Majengo, hapa Dodoma, mchana wa jua lile la kuchoma kisogo. Mezani palikuwa na ugali wa uwele na majani ya maboga, mazito, yameelea mafuta kidogo kwa juu. Jamaa akashindwa kuvumilia.

"Dada, hapa umetia nazi ngapi?"

Yule mama alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Nazi ya wapi, kaka? Hapa ni Ugogoni. Karanga hizo."

"Kumbe!"

Neno hilo moja linatosha kueleza aina nzima ya chakula ambayo Kiswahili hakijaipa jina lake rasmi, kwa hiyo humu nitaiita mlo wa kumbe. Ni chakula ambacho ulimi ukikionja unaapa kwamba ni anasa, kwa uzito wake, ulaini wake, mafuta yake au utamu wake, halafu ukiuliza kilivyopikwa unaambiwa majani, nafaka isiyokobolewa, mbegu na matunda. Mtu anakula kwa tamaa, mwili unapokea lishe, wala hakuna aliyemhubiria mwenzake.

Sharti ni kwamba mambo hayo mawili yakutane kwenye sahani moja. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi una lishe, lakini haujawahi kumfanya mtu alambe vidole. Keki iliyokunwa karoti mbili ndani yake inanoga, ila inabaki keki: unga mweupe, sukari na siagi vilevile, karoti imealikwa tu harusini. Tatizo letu ni kwamba tumelelewa kuamini chakula chenye faida kinapaswa kuwa na adabu ya mwarobaini, ukimeza lazima ukunje uso. Ndiyo maana mtu akiambiwa na daktari abadilishe mlo anarudi nyumbani kama aliyefiwa.

Ulimi hauna akili nyingi kama tunavyodhani. Hautambui bei ya chakula wala kilikotoka. Unatambua vitu vichache: mafuta, kwa sababu mafuta hubeba harufu na kuifanya ikae mdomoni, uzito wa mchuzi, kwa sababu mchuzi mzito unahisi kama umekaa jikoni siku nzima, harufu ya kitu kilichokaangwa au kuchomwa, sukari, chumvi, na uchachu kidogo wa kuchangamsha. Pwani mafuta na uzito vinaletwa na tui la nazi. Kwenye vibanda vya chips vinaletwa na karai la mafuta lililopikia tangu asubuhi. Bara ya kati, ambako mvua ni msimu mmoja na mnazi haumei, wapishi walitafuta njia nyingine za kumfurahisha huyo huyo ulimi.

Karanga ndiyo bingwa wao. Yule mama alituonyesha, maana mgeni hakukubali kuondoka bila kufundishwa. Karanga anazikaanga kwenye chungu bila mafuta, moto mdogo, mpaka ziwe na madoa ya hudhurungi na harufu ianze kuita majirani. Anazisugua kwenye ungo, anapeta maganda, anatwanga kwenye kinu mpaka zianze kushikana. Hapo anazikoroga na maji ya uvuguvugu zinakuwa uji mweupe mzito. Majani ya maboga yakishaiva nusu pamoja na kitunguu na nyanya, anamimina ule uji, anapunguza moto na kukoroga bila kuondoka, maana karanga zikishika chini ya sufuria hakuna wa kuziombea msamaha. Baada ya muda mafuta yanaanza kujitokeza juu yenyewe. Dumu la mafuta ya alizeti lilikuwa pale pembeni, hakuligusa.

Nusu ya uzito wa karanga, karibu gramu 49 katika kila gramu 100, ni mafuta. Protini ni kama gramu 25. Lakini mafuta hayo si sawa na ya nazi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale mazito, yanayoganda kukiwa na baridi, na ambayo yakizidi hupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Ya karanga kwa sehemu kubwa ni yale yasiyoganda. Mazito ni chini ya moja ya tano. Ulimi haujui tofauti, unasikia ulaini tu. Moyo ndio unaojua.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Majani ya kijani kibichi kama ya maboga, kunde na mchicha yamejaa karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukila majani matupu bila chembe ya mafuta, sehemu kubwa inapita tu. Ukiyaunga kwa karanga, yale mafuta yanaibeba na kuivusha. Yaani kitu kilekile kinachofanya mboga inoge ndicho kinachofanya lishe yake ifike. Bibi aliyeanza kuunga mboga kwa karanga hakuhitaji maabara. Alitaka wajukuu wamalize chakula.

(Karanga na mkoa huu wana historia yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga pale Kongwa, kwa sababu baada ya vita Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Walileta matrekta na mabuldoza. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, mvua ikawa ya kubahatisha, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukafa. Karanga yenyewe haikufa. Jembe la mkono halikuwa na haraka ile.)

Mlenda, ile mboga ya kuteleza, ni mfano mgumu kidogo, kwa sababu kuna watu wazima na elimu zao ambao wakiuona tu wanasogeza kiti. Wagogo wanauita ilende, na ule wa kukausha unauzwa sokoni ukiwa unga wa kijani iliyofifia, unapimwa kwa kopo. Unachotwa kidogo na kunyunyizwa kwenye maji yanayochemka huku mtu anapekecha kwa upekecho, na ghafla maji yanabadilika tabia: yanavutika, yanashika, ukinyanyua tonge uzi unafuata mpaka mdomoni. Ukitiwa karanga na nyanya, unapata mchuzi mlaini kuliko wowote uliokolezwa siagi, na siagi hamna hata kijiko.

Ule utelezi ni nyuzilishe, ambazo wataalamu wengine huziita makapimlo, za aina inayoyeyuka na kuvimba kwenye maji. Tumboni zinaendelea na kazi ileile uliyoiona sufuriani: zinafanya chakula kiwe kizito, kishuke polepole, na sukari kutoka kwenye ugali iingie kwenye damu bila papara. Ndiyo sababu mtu aliyekula ugali wa uwele kwa mlenda saa saba mchana hamtafuti mwuza maandazi saa tisa. Uwele wenyewe, ukisagwa bila kukobolewa, unabaki na ganda lake. Sembe inafika kwako ikiwa imevuliwa kiini na pumba, imebaki wanga na weupe.

Lakini mlenda una mlango wa nyuma, nao ni magadi. Yanalainisha majani haraka na kuyaacha kijani, ndiyo raha yake kwa mpishi. Yanaharibu pia vitamini C na baadhi ya vitamini B, na yanaongeza sodiamu juu ya ile ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Ukishatia magadi na chumvi kwa mkono wa ukarimu, umeshafika huko kabla ya chai ya jioni. Chembe inatosha.

Ubuyu nitauzungumzia kwa uchungu kidogo. Mibuyu imetapakaa kila upande ukitoka mjini, na ule unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa kwa uzito uleule. Ukiukoroga kwenye maji baridi unapata kinywaji kichachu, kizito kama maziwa ya mgando, kwa sababu una aina ya nyuzilishe ileile inayofanya jamu iwe nzito. Ukinywa pamoja na maharage au uwele, ule uchachu unasaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo, tofauti na chai ya rangi ambayo ikinywewa na mlo huyazuia. Hapo kumbe imekamilika. Tatizo ni kwamba ubuyu ambao watoto wetu wengi wanaujua ni ule mwekundu wa kwenye vifuko: mbegu zimepikwa kwenye sukari ya kuyeyusha na rangi. Vitamini C haipendi moto, na sukari hapo si kiungo tena, ndiyo chakula chenyewe. Nao ni mtamu, sikatai, nimeula mpaka ulimi ukawa kama bendera. Ila huo ni pipi yenye kokwa.

Huu ndio upande wa pili wa neno kumbe ambao wauzaji hawapendi uujue. Asali ya Singida, kwa mfano, ni nzuri na ina harufu ya maua, lakini kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani inahesabika pamoja na sukari ya kuongeza. Togwa ya kimea cha ulezi ina utamu wake wa asili, kwa sababu kimea kinavunja wanga kuwa sukari, na haihitaji vijiko vitano vya sukari ya dukani ambavyo siku hizi inapewa. Zabibu za Dodoma, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, ukizila mbichi gramu 100 zina takriban kalori 70. Ukizikausha, uzito uleule unakuwa karibu kalori 300, kwa sababu maji yameondoka na sukari imebaki. Si sumu, ila kiganja kimoja cha kavu si sawa na kiganja cha mbichi.

Nyumbani kwangu, msimu wa zabibu, naziosha, nazikausha kwa kitambaa, nazitandaza kwenye sinia na kuziingiza kwenye friza usiku kucha. Asubuhi zimekuwa gololi zenye ukungu wa baridi. Ukiuma, ganda linapasuka na ndani ni laini, linayeyuka taratibu kama aiskrimu ya maji. Watoto wa jirani wanaziita barafu za zabibu na wanabisha hodi kwa heshima isiyo ya kawaida. Ndani hamna maziwa wala sukari iliyoongezwa, ni zabibu na umeme tu, na umeme ukikatika nao mchezo umekwisha.

Mtu asidhani kwamba kumbe inafuta hesabu. Vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa ni karibu kalori 180. Kwa mtoto anayekua, au mkulima anayerudi shambani, hiyo ni neema. Kwa mtu wa ofisini anayetoka kwenye kiti kwenda kwenye gari, sahani tatu za mboga ya karanga zitamnenepesha bila kinyongo chochote. Mgeni wangu alirudi Dar es Salaam, akapika majani ya maboga kama alivyofundishwa, kisha akanipigia simu kwa furaha: safari hii ametia karanga, na tui zito la nazi, na mafuta kidogo ya kukaangia kitunguu, na zimenoga kuliko za Majengo. Sikuwa na la kumwambia. Ameila kumbe yote na kuacha sahani.

Kitu cha mwisho alichotuonyesha yule mama hakikuhusu utamu. Kabla ya kukaanga, alimwaga karanga kwenye ungo, akakaa kivulini na kuzichambua moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu hata wa nukta, inatoka. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoshambulia ini, na karanga zilizohifadhiwa vibaya hupatwa na ukungu huohuo. Moto wa jikoni hauiondoi. Ndiyo maana hanunui karanga zilizokwisha kusagwa, kwa sababu kwenye unga hakuna anayeona kilichoingia.

Nilimwuliza kama zile mbovu anawapa kuku.

"Kuku si nitawala mimi, kaka?" akasema, akazimwaga kwenye moto.