Je, Wajua: Kwa Nini China na Pakistan Hazina Mkataba wa Kulindana Vitani?

Ukiwasikiliza viongozi wa nchi hizi mbili, utadhani ni ndugu wa kufa na kuzikana. Urafiki wao, husema, ni mrefu kuliko Himalaya, una kina kuliko bahari na ni mtamu kuliko asali. Ukisoma mikataba yenyewe unakuta mambo mengine. Nchi pekee ambayo China imeahidi kwa maandishi kuipigania ikishambuliwa ni Korea Kaskazini, kwa mkataba wa mwaka 1961. Kwa Pakistan, China ilitia saini Mkataba wa Urafiki, Ushirikiano na Ujirani Mwema mjini Islamabad Aprili 2005, na kifungu chake chenye uzito zaidi kinasema hakuna upande utakaojiunga na muungano unaohatarisha mamlaka, usalama au mipaka ya mwenzake. Kupeleka askari hakukutajwa.

Pengo hilo limeachwa kwa makusudi, na kuelewa kwa nini kunataka uanze na India.

Miaka ya 1950 Pakistan ilikuwa katika kambi ya Marekani. Ilikuwa mwanachama wa SEATO na wa Mkataba wa Baghdad, miungano iliyoundwa kuzuia ukomunisti. Kilichobadilisha mambo ni vita vya mwezi mmoja vya 1962, ambapo China iliishinda India milimani. Ghafla Beijing na Islamabad zikajikuta zina hasimu mmoja. Tarehe 2 Machi 1963, mawaziri wa mambo ya nje, Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan na Chen Yi wa China, walitia saini Beijing makubaliano ya mpaka. Bonde la Shaksgam likabaki upande wa China, na mpaka leo India inalalamika kwamba Pakistan iligawa kilomita za mraba 5,180 za ardhi isiyo yake. Waandishi wa makubaliano hayo walikuwa waangalifu: kifungu cha 6 kinasema mgogoro wa Kashmir, eneo linalogombaniwa na India na Pakistan, ukimalizika, atakayekuwa na mamlaka ya eneo hilo atajadiliana upya na China.

Urafiki ulipimwa mapema. Vita vya India na Pakistan vilipopamba moto Septemba 1965, China iliipa India siku tatu ibomoe vituo vyake vya kijeshi mpakani mwa Sikkim. Katika malalamiko yake ilidai pia irudishiwe kondoo 800 na yaki 59 ambao ilisema wameibwa na askari wa India. Wanasiasa wa upinzani mjini Delhi wakajibu kwa kuswaga kundi la kondoo hadi kwenye ubalozi wa China. Vitisho viliishia kwenye karatasi, vita vikasitishwa, na China haikufyatua risasi kwa niaba ya Pakistan.

Mwaka 1971 ulikuwa mgumu zaidi. India ilikuwa imetia saini mkataba na Umoja wa Kisovieti mwezi Agosti, kwa hiyo China ikiingia ingeweza kukabiliana na Wasovieti mpaka wa kaskazini. Vita vyenyewe vilipiganwa Desemba, theluji ikiwa imefunga mapito ya Himalaya. Pakistan ilipoteza nusu yake ya mashariki, ikazaliwa Bangladesh. China ilichotoa ni kura: Agosti 1972 ilitumia kwa mara ya kwanza turufu yake katika Baraza la Usalama, kuizuia Bangladesh isiingie Umoja wa Mataifa. Katika vita vya India na Pakistan vya Kargil, mwaka 1999, nako ilikaa kando.

Basi Pakistan inapata nini? Inapata uwezo wa kupigana yenyewe, na hapo ndipo penye uzito wa uhusiano huu. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia biashara ya silaha duniani, inakadiria kwamba kati ya 2020 na 2024, asilimia 81 ya silaha ambazo Pakistan iliagiza nje zilitoka China. Tena haziji tayari tu kwenye makontena. Ndege ya kivita JF-17 huunganishwa Kamra, kaskazini magharibi mwa Islamabad. Sehemu ya 58 kwa mia ya bodi hutengenezwa hapo, na 42 huletwa kutoka Chengdu, China. Nigeria ilipokea ndege tatu za aina hiyo mwaka 2021. Udhaifu wake uko kwenye injini, RD-93 ya Urusi, jambo linaloipa Moscow, muuzaji wa siku nyingi wa silaha kwa India, sauti juu ya ndege ya Pakistan. Kwa nyambizi za Hangor, mkataba wa nyambizi nane uligawanywa: nne zijengwe China, nne Karachi. Mtambo wa nyuklia wa Karachi nao una vinu viwili vya Kichina vya megawati 1,100 kila kimoja.

Mapigano ya India na Pakistan ya Mei 2025 yalionyesha mpango huo unavyofanya kazi. Pakistan ilisema J-10C zake, ndege za China, ziliangusha ndege za India, zikiwemo Rafale za Kifaransa. India baadaye ilikiri kupoteza ndege bila kutaja ngapi. Julai mwaka huo, Luteni Jenerali Rahul Singh, naibu mkuu wa jeshi la nchi kavu la India, alisema China ilikuwa ikiipa Pakistan taarifa za papo kwa papo. Pakistan ilikanusha. Hata kama ni kweli, hakuna mwanajeshi wa China aliyetajwa kupigana.

China nayo ina faida yake. India inalazimika kugawa majeshi yake kwenye mipaka miwili, na gharama kubwa ya kuilazimisha inabebwa na Pakistan. Kukiwa na mkataba wa kulindana, kila mzozo wa Kashmir ungeivuta Beijing vitani kwa saa ambayo haikuichagua. Pakistan kwa upande wake ingejibana katika uhusiano wake na Washington, ambayo Pakistan bado inaihitaji ili ipate mikopo. Ni Pakistan hii hii iliyomficha Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa rais wa Marekani, Julai 1971: ikatangazwa kwamba tumbo linamsumbua na amekwenda kupumzika milimani, kumbe amepanda ndege kutoka Rawalpindi kwenda Beijing.

Upande wa fedha ndiko mambo yanakokwama. Aprili 2015 Xi Jinping alitangaza Islamabad mradi wa ukanda wa kiuchumi, CPEC, wa dola bilioni 46, sehemu kubwa ikiwa mitambo ya umeme. Tatizo liko ndani ya mikataba ya mitambo hiyo. Mwenye mtambo hulipwa mafungu mawili: la umeme uliouzwa, na la kuwa tayari kuzalisha, hata kama hakuna aliyeununua. Malipo yamefungwa kwa dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa takriban rupia 100. Kufikia 2023 ilikuwa karibu 280. Bili zikapanda, wenye viwanda na nyumba wakakimbilia jua. Mwaka 2024 Pakistan iliagiza paneli za sola za takriban gigawati 17, nyingi kutoka China, na kila paa lililohama gridi linawaachia waliobaki mzigo mkubwa zaidi wa kulipia mitambo ya China.

Hoja nyingine inayouzwa sana ni kwamba bandari ya Gwadar, kusini magharibi mwa Pakistan, itaipa China njia ya mafuta bila kupitia mlango bahari wa Malacca. Hesabu haikubali. Meli kubwa ya mafuta hubeba mapipa karibu milioni mbili. Lori la lita 40,000 hubeba mapipa 250. Meli moja ni malori 8,000, na kila moja lipite njia ya mlimani ya Khunjerab, mita 4,693 juu ya usawa wa bahari, mpakani ambapo dereva huhama upande wa barabara kwa sababu Pakistan huendesha kushoto na China kulia. Januari 2010 maporomoko ya Attabad yalifunika barabara hiyo na kuzaa ziwa; mizigo ilivushwa kwa boti hadi mahandaki yalipofunguliwa 2015.

Gwadar yenyewe inaanzia karibu na kwetu. Ilikuwa mali ya Oman tangu Sultan bin Ahmad, baba yake Seyyid Said wa Zanzibar, hadi Pakistan ilipoinunua mwaka 1958 kwa pauni milioni tatu. Wabulushi wa huko walitumikia majeshi ya masultani Zanzibar. Leo sehemu ya Wabulushi wanaopigana na serikali huwalenga Wachina, wakidai rasilimali zao zinachukuliwa. Kwingineko nchini kuna mashambulizi ya makundi tofauti: Julai 2021 wahandisi tisa wa China waliuawa Dasu, na Machi 2024 watano waliuawa Besham. Jeshi la Pakistan liliunda kikosi maalumu cha kulinda miradi hiyo mwaka 2016, kikiwa na watu takriban 15,000. Bado kwa mujibu wa taarifa za 2024, Beijing ilikuwa ikitaka kupeleka walinzi wake yenyewe, na Islamabad ilikuwa ikikataa.