Je, wajua kwa nini gesi ya Mtwara huokoa maji ya Mtera?

Mtu wa Iringa ana haki ya kuuliza: huku kuna mvua, mito na mabwawa, gesi ya pwani inatuhusu nini? Jibu liko Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma.

Wengi hulitaja bwawa la Mtera kama chanzo kikubwa cha umeme, kumbe mitambo yake ni ya megawati 80 tu. Kazi yake kubwa ni kutunza maji. Mto Ruaha Mkuu hutoka Usangu, wilayani Mbarali, ukaingia Mtera. Maji yakifunguliwa hapo hushuka hadi bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, kisha huingia Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere. Maji yale yale huzungusha mitambo mara tatu, kwa hiyo kuyamaliza mapema Mtera ni hasara ya mabwawa matatu.

Nayo huisha. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Tangu 1993, Ruaha umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtera ikijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, uzalishaji unapaswa kusimama. Mita nane na nusu hizo ndizo za kuvukia kiangazi kizima, na mvua zikichelewa, zaidi.

Hapo ndipo gesi inapofanya kazi yake. Mtambo wa gesi hausubiri mawingu. Kila uniti inayozalishwa kwa gesi ya Mtwara kwenye mitambo ya Kinyerezi, Dar es Salaam, wakati wa kiangazi ni maji yaliyobaki bwawani. Ni sawa na familia ya Mufindi kununua unga mapema ili mahindi ya ghalani yafike msimu mpya. Mvua zikinyesha vizuri, gesi hupunguzwa, maana gesi hulipiwa na maji ya mto hayauzwi kwa uniti.

Mwaka 2006 tuliona hali inavyokuwa gesi ikiwa kidogo. Ukame ulishusha mabwawa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, ilikuwa imeanza kuzalisha umeme 2004 tu, na bomba la kutoka Mtwara lilikuwa bado halijajengwa. Nchi ikaingia kwenye mgao mkali.

Sasa Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na wapo wanaosema gesi imemaliza kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Bwawa hilo linategemea Ruaha na Kilombero, mito inayolishwa na milima hii hii ya kusini. Ukame ukija, hauchagui bwawa moja.

Ndiyo maana mjadala wa mifereji ya mpunga Mbarali ni mjadala wa umeme pia: maji yanayoishia mashambani kiangazi hayafiki Mtera, na pengo lake hujazwa kwa gesi ya kununua.