Kiungulia Kinaponyamaza, Tonge Likaanza Kukwama

Mtu aliyeishi na kiungulia kwa miaka mingi akija kliniki kwangu, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni jinsi anavyokula, kabla hata sijamuuliza kama kifua bado kinamchoma. Mgonjwa mmoja alinijibu kwamba anakula vizuri tu, na kwamba kiungulia chenyewe kilikuwa kimepungua bila dawa. Nilipomwomba anionyeshe anavyokula kipande cha mkate, alikitafuna hadi kikalainika kama uji, akakiteremsha kwa maji, akanyoosha shingo na kuweka kiganja juu ya kidari, akasubiri. Nyama alikuwa ameiacha zamani, na kila siku alikuwa wa mwisho kuondoka mezani. Yote hayo aliyahesabu kuwa ni uzee.

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25, unaotoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake wa chini una msuli wa mviringo ambao, ukisaidiwa na kiwambo (msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo), hufunguka chakula kinapopita, kisha hujifunga ili kilichomo tumboni kisirudi. Msuli huo ukilegea ovyo, au sehemu ya juu ya tumbo ikipenya kiwambo na kupanda kifuani, tindikali hucheuka na kuulowesha ukuta wa umio, ambao hauna kinga ya ute kama ule wa tumbo. Ukuta huvimba na kuchubuka, na mawimbi ya misuli yanayosukuma tonge hudhoofika, kiasi kwamba kumeza kunaweza kuwa kwa shida hata kabla njia haijawa nyembamba. Michubuko ikipona na kurudi tena na tena, mwili huiziba kwa kovu, na kovu hujikunja kama lile la ngozi iliyoungua. Njia ikibaki chini ya milimita 13, karibu kila mtu atakwamwa na vyakula vigumu.

Kinachowahadaa wagonjwa, na wakati mwingine sisi madaktari, ni kwamba kovu linalozuia chakula kushuka laweza pia kuizuia tindikali kupanda. Kiungulia kikitulia huku kumeza kukizidi kuwa kugumu, hiyo si nafuu.

Namna ugumu ulivyoanza hunieleza mengi. Ukianza kwa vyakula vigumu, kisha baada ya miezi ukafikia vilaini, mara nyingi njia imezibwa na kitu. Maji na mkate vikisumbua pamoja tangu siku ya kwanza, nashuku misuli yenyewe. Upo ugonjwa uitwao akalasia, ambapo msuli wa chini haulegei, chakula kinalala ndani ya umio na kuleta mwako unaofanana sana na kiungulia, na wengi wenye ugonjwa huo hupewa dawa za kupunguza tindikali kwa miaka bila faida. Kwa hiyo sikubali kumpa mtu anayekwamwa na chakula vidonge peke yake; namfanyia endoskopia, yaani kumpitishia mrija mwembamba wenye kamera kinywani hadi kwenye umio, na kuchukua vipande vidogo vya ukuta wa umio, kwa kuwa saratani nayo huanza kwa dalili hiyo hiyo, hasa mtu anapokonda au kupungukiwa damu. Aliyekwamwa na tonge hadi hawezi kumeza hata mate yake asingoje miadi, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Kovu hutanuliwa kwa puto au kwa mirija maalumu, kidogo kidogo, kwa vikao kadhaa, kwa sababu kuharakisha kunaweza kuuchana umio. Sambamba na hilo mgonjwa humeza dawa kama omeprazoli dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, ili chakula kinapoziamsha pampu za tindikali, yaani sehemu za seli za tumbo zinazoitoa, dawa iwe tayari imo kwenye damu. Yule mgonjwa wangu alimeza mkate bila maji baada ya kikao cha tatu, akafurahi, akaacha vidonge. Miezi michache baadaye alirudi, kiganja kikiwa pale pale juu ya kidari, nasi tukaanza kutanua upya.