Seva ya barua pepe nyumbani: kosa si la mashine kuukuu

Dhana: Kompyuta ya zamani haiiwezi kazi hii.

Inaiweza vizuri sana. Yangu ni laptop ya RAM GB 2, kioo kimepasuka kona moja, imekaa juu ya kabati la sebuleni. Ndani kuna mfumo endeshi wa Debian, programu ya Postfix ya kupokea na kutuma, na Dovecot ya kuzifikisha barua kwenye simu. Postfix ilitoka mwaka 1998, enzi za kompyuta zenye RAM ya kuhesabu kwa MB. Barua za familia moja haizioni kabisa. Kinacholemea ni kikagua virusi kama ClamAV, ambacho peke yake hula zaidi ya GB 1. Mimi nilikiacha.

Dhana: Umeme ukikatika, barua za saa hizo zimepotea.

Hazipotei. SMTP, utaratibu wa kupelekeana barua uliochapishwa mwaka 1982, una subira. Seva ya mtumaji ikikukosa huweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Kanuni zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Luku ikiisha usiku ukaja kuweka asubuhi, utaziona zinaingia moja baada ya nyingine. Na betri ya laptop, hata ikiwa imechoka, huipa mashine dakika chache za kujizima salama.

Dhana: Ukishasakinisha programu, kazi imekwisha.

Hapa ndipo watu wanapokwama, na inaniuma kuona wanailaumu mashine. Kampuni nyingi za intaneti hufunga poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa wateja wa nyumbani. Barua haitoki, logi, yaani kumbukumbu za seva, inarudia mstari uleule kwamba muda wa kuunganisha umekwisha, nawe unapekua mipangilio isiyo na kosa. Nilipoteza wikendi mbili hivyo hivyo.

Hata poti ikiwa wazi, Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, wana orodha iitwayo PBL ya anwani za IP zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja, na za majumbani zimejaa humo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi: kila mtumaji awe na SPF au DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye kikoa chako. Weka zote mbili, na DMARC juu yake, rekodi inayoeleza barua isiyothibitika ifanywe nini.

Ushauri wangu: pokea nyumbani, tuma kupitia seva ya kulipia kwa poti 587. Na kabla ya yote, uliza kampuni yako kama unapata IP ya umma. Ukiwa umechanganywa na wateja wengine nyuma ya anwani moja, wa nje hana pa kubisha hodi.

Dhana: Seva ndogo kama yangu nani ataihangaikia?

Roboti hazichagui. Fungua logi uone majina yanayojaribiwa usiku kucha: admin, info, test. Nywila ndefu na fail2ban, programu ya kuwazuia wanaokosea nywila mara nyingi, ni lazima, na usiruhusu kamwe mtu asiyejitambulisha atume barua kupitia kwako.

Dhana: Mashine ikifa, barua zimekufa nayo.

Kwenye mpangilio wa Maildir kila barua ni faili moja la kawaida. Zangu hunakiliwa kila usiku kwenye diski iliyoko kwa dada yangu. Laptop ya kwanza ilipoungua, nilihamia hii kwa jioni moja.