Muda wa Ziada, Lafudhi na Taa za Studio: Ufafanuzi kuhusu Ujumuishi katika Shule ya Mawasiliano

Tangu muhula huu uanze, ofisi inayoratibu ujumuishi katika shule yetu ya mawasiliano hapa Dodoma imepokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanafunzi wanaodai kuwa wenzao wenye ulemavu "wanabebwa" kwa kuongezewa muda wa mtihani, na wapo wenye ulemavu wanaosema kuwa walichokiomba kwa maandishi hakijatekelezwa. Ufafanuzi huu unawahusu wote, pamoja na wahadhiri ambao, kwa nia njema kabisa, wamekuwa wakilikuza tatizo.

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi na kuitaja misingi yake, ikiwemo kabila, pahala mtu alipotokea, rangi, dini na jinsia. Ulemavu haukutajwa humo, na kuna wanaolichukulia hilo kama ruhusa. Sivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kwa mujibu wa Mkataba huo, kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji ili ashiriki sawa na wengine, ilhali hayamlemei kupita kiasi anayepaswa kuyafanya, ni ubaguzi.

Marekebisho hubadili njia, kiwango kikabaki palepale. Mwanafunzi asiyeona anayefanya mtihani wa kusoma taarifa ya habari hupewa taarifa hiyo kwa nukta nundu, kisha hupimwa matamshi, mwendo na usahihi kama wenzake wote. Anayeomba asifanye kabisa mtihani wa vitendo na apewe alama za wastani haombi marekebisho. Anaomba alama, na jibu letu litaendelea kuwa hapana.

Kwa upande wa wahadhiri, kosa linalojirudia ni picha. Mhadhiri hupiga picha kurasa za kitabu kwa simu, akazituma kwenye kundi la darasa, akaamini kuwa kila mwanafunzi amezipata. Programu za kusoma skrini, kama NVDA ambayo hupatikana bila malipo, husoma maandishi. Zikikutana na picha ya maandishi mara nyingi hutamka jina la faili tu. Mwanafunzi mmoja aliketi ofisini kwangu akanipa spika zake za masikioni nisikilize "somo" la wiki hiyo. Nilichosikia ni herufi na tarakimu za majina ya faili, moja baada ya nyingine, kwa kurasa kumi na mbili. Tuma faili lenye maandishi yenyewe. Hatuombi mitambo mipya, na hoja ya kwamba bajeti haitoshi haina nafasi hapa.

Lafudhi inahitaji uangalifu zaidi. Shule yetu ina wanafunzi waliokulia katika Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kinyaturu na lugha nyingine nyingi kutoka nje ya kanda hii ya kati, na tumesikia vicheko darasani mtu anaposhika kipaza sauti. Mtangazaji anayesema wananchi wamejitokeza "kupiga kula" badala ya "kupiga kura" amepotosha neno, na ni wajibu wa mwalimu kumrekebisha mpaka aweze. Ila mtangazaji ambaye maneno yake yote yako wazi, na sauti yake inadokeza tu kwamba ametoka Kondoa, hana kosa la kusahihishwa. Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa kueleweka. Hakuna mahali unapomtaka mtu asikike kama aliyezaliwa Unguja.

Studioni, wanafunzi wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga mkali. Taa isielekezwe usoni moja kwa moja, maandishi ya kusomwa yakuzwe, na anayeshika kamera arekebishe mwanga kwa mkono, kwa kuwa mpangilio wa kamera wa kujiendesha unaweza kuung'arisha uso mpaka sura ipotee. Na katika habari tunazoandika, neno "zeruzeru" halikubaliki. "Kiziwi" linakubalika, na viziwi wenyewe wanalitumia katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). "Bubu" waachieni waliolizoea zamani.

Sasa utaratibu, ambao unaelezwa kila mwaka na kila mwaka unapuuzwa. Fomu ya maombi huchukuliwa ofisini, hujazwa nakala mbili na kurejeshwa kabla ya wiki ya pili ya muhula kwisha, ikiambatana na uthibitisho wa daktari. Ofisi hujibu ndani ya siku tano za kazi. Barua anayopelekewa mhadhiri hutaja marekebisho tu, haitaji hali ya kiafya, kwa sababu taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Viongozi wa madarasa wanaobandika kwenye makundi ya simu orodha za "wanaoongezewa muda" waache mara moja. Asiyeridhika na jibu akate rufaa kwa Mkuu wa Shule kwa maandishi. Kulalamika korido si rufaa.

Suala la nafasi za studio na za mafunzo kwa vitendo lina uzito wa jinai. Anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili mwanafunzi apewe zamu ya kutangaza au alama anaangukia kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, chenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Taarifa hupelekwa Dawati la Jinsia la chuo au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa simu namba 113 bila malipo, na mtoa taarifa halazimiki kupitia kwa mkuu wa idara.

Fomu zitakazoletwa baada ya wiki ya pili zitapokelewa, lakini marekebisho yake yataanza na mtihani unaofuata, kwa kuwa karatasi ya nukta nundu haiandaliwi usiku wa kuamkia mtihani.