Dawa ya kuzuia magamba inapowalisha bakteria

Mitambo ya osmosisi kinyume husukuma maji kwa presha kubwa yapenye kiwambo chembamba, chumvi ibaki nyuma. Kadiri maji safi yanavyotoka, ndivyo yanayobaki yanavyokolea, hadi kalsiamu kabonati, kalsiamu salfeti au silika zishindwe kuendelea kuyeyuka. Hapo huganda juu ya kiwambo. Hayo ndiyo magamba, kama yale ya ndani ya birika.

Dawa ya kuzuia magamba hutiwa kidogo sana, kwa kawaida miligramu chache kwa lita. Haiondoi chumvi yoyote. Hung'ang'ania fuwele changa na kuzivuruga umbo, zisikue wala zisishikamane. Zinazotumika sana ni polifosfeti, fosfoneti na polima kama poliakrilati.

Adui wa pili ni ukoga: bakteria wanaojibandika kwenye kiwambo, wakatoa ute na kujenga makazi ndani yake. Hata maji yakichujwa vizuri kabla, bakteria wachache waliopenya wanatosha, maana wanazaliana. Gamba hukua kwa chumvi iliyopo tu; ukoga hukua kwa chakula. Na chakula hicho wakati mwingine tunakitia wenyewe.

Kiini chake ni fosforasi. Katika baadhi ya maji fosforasi ni adimu mno ikilinganishwa na kaboni, kwa hiyo ndiyo inayowabana bakteria wasiongezeke. Majaribio yameonyesha kwamba fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo bakteria hulila, ikipunguzwa mno, ukoga hudhibitika hata kaboni ikiwa tele. Sasa fikiria mtambo uliogharimika kuiondoa fosfeti, kisha ukatia polifosfeti, ambayo ndani ya maji huvunjika polepole ikawa fosfeti tayari kuliwa. Kazi yote imepotea. Fosfoneti ni imara zaidi, ila wapo bakteria wanaoweza kuivunja, na bidhaa yenyewe huweza kuja na mabaki ya fosfeti. Poliakrilati haina fosforasi, lakini imeonekana kubadili uso wa kiwambo kiasi cha kuwarahisishia bakteria kushika. Kwa hiyo anayeuziwa dawa "isiyo na fosforasi" asidhani ameshamaliza suala la ukoga.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni hili: presha inapanda, fundi anadhani ni magamba, anaongeza dawa. Kama tatizo lilikuwa ukoga, huenda amewaongezea bakteria chakula. Aangalie kwanza presha inapandia wapi. Magamba kwa kawaida huanzia viwambo vya mwisho, ambako maji yamekolea zaidi. Ukoga huanzia vya mbele, ambako chakula hufika kwanza. Hata usafishaji hutofautiana: gamba la kabonati huyeyushwa kwa asidi, ukoga hung'olewa kwa dawa za alkali. Klorini, ambayo wengi huikimbilia, huharibu viwambo vya poliamidi, aina ya plastiki.

Na tangi la dawa lenyewe lisisahaulike. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, ikakaa siku nyingi, huota bakteria humohumo, na pampu ikawapeleka moja kwa moja kwenye kiwambo.